Ndege za kivita zinazosubiri zamu: namna ya kuzitunza zisifie kwenye foleni

Jumapili iliyopita natoka kanisani hapa Uyole, simu ikaita. Mpwa wangu. Salamu yenyewe hakuipa nafasi: "Shikamoo mjomba, nimepewa ndege tatu!" Marahaba, nikamwambia, pumua kwanza, nani amekupa ndege? Akanieleza. Makumbusho ya ndege anakojitolea, huko nchi jirani, yamemkabidhi safu iliyo nyuma ya karakana. Ipo MiG-21, ipo MiG-17, zile za Kirusi, na ipo Vampire, ile ndege ya Kiingereza yenye mihimili miwili ya mkia. Zote zimestaafu na zote zinasubiri kukarabatiwa. Zamu yao haijulikani itafika lini, maana karakana inachukua ndege moja tu, na hiyo iliyomo inaingia mwaka wa nne sasa. "Nianzie wapi mjomba? Ninunue rangi?"

Rangi asinunue. Nilimweleza mpaka salio likakata, kisha nikaona heri niyaandike yote, kwa ajili yake na kwa kijana mwingine yeyote atakayekabidhiwa ndege ya kusubiri. Nimefanya kazi ya bodi na miguu ya ndege kwa miaka 22, na baada ya hapo miaka 6 kwenye karakana ya makumbusho kusini mwa Afrika, kabla sijarudi Mbeya kufungua karakana ya matrela. Katika miaka hiyo 6 niliona ndege nyingi zikifia kwenye foleni kuliko zilizoingia bandani zikapona. Vita vilikuwa vimeziacha, safari za angani zilikuwa zimeziacha, zikaja kumalizwa na miaka ya kusimama kwenye majani huku kila mtu akidhani kazi itaanza siku zamu itakapofika.

Kwa hiyo mpwa wangu, usijihesabu kuwa mkarabati. Wewe ni mlinzi wa mgonjwa mpaka daktari aje. Atakayeanza ukarabati, hata kama ni baada ya miaka 10, akute ndege, asikute ganda.

Kabla hujagusa kitu

Najua ulivyo. Utataka kupanda ngazi, ukae kwenye kiti cha rubani, upigwe picha ya kumtumia mama yako. Usikae.

Kiti cha ndege ya kivita kimetengenezwa kumrusha rubani nje, na kinachomrusha ni baruti. Kifuniko cha kioo juu yake nacho mara nyingi kina baruti zake. MiG-17 na MiG-21 zote zina viti hivyo. Vampire nyingi za kiti kimoja hazikuwa navyo, ila zile za mafunzo zenye viti viwili zilikuja kufungiwa, kwa hiyo usikisie. Utaona pini zenye vitambaa vyekundu zimechomekwa, utasema basi salama. Pini inazuia mtambo usifyatuke. Haisemi kama baruti zilishatolewa. Na baruti iliyozeeka haiaminiki: inaweza kukataa kabisa, inaweza pia kukubali kwa kuguswa tu. Omba karatasi iliyosainiwa inayosema baruti za kiti, za kifuniko, za mizinga na za kuangushia matangi ya nje zimeondolewa, lini, na nani. Karatasi isipopatikana, funga chumba cha rubani, weka kibao, na uongozi wa makumbusho uwaite wataalamu wa silaha wa jeshi. Hakuna fundi wa kawaida mwenye ruhusa ya kujaribu, hata mimi.

Kisha mgandamizo. Miguu ya ndege ina gesi iliyoshindiliwa ndani, na kuna mitungi midogo ya haidroliki inayobaki na nguvu yake miaka mingi baada ya injini kuzimwa mara ya mwisho. Usilegeze valvu ili kuona kama kuna kitu. Hakikisha pia vyuma vya kufungia miguu vimechomekwa, ndege isije ikapiga magoti mtu akiwa chini ya tumbo.

Tangi la mafuta lililokauka ni la hatari kuliko lililojaa, kwa sababu mvuke ndiyo unaolipuka. Usiruhusu mtu wa kuchomelea wala wa kukata na grainda asogee karibu mpaka ithibitishwe kwamba tangi limesafishwa na kupitishwa hewa.

Halafu saa za kwenye dashibodi. Ndege za miaka ya 1940 na 1950 mara nyingi zilipakwa rangi yenye rediamu, madini yenye mionzi, ili mishale ing'ae gizani. Leo haing'ai tena, na watu wanadhani imekufa. Kilichokufa ni ile dawa ya kung'aa. Rediamu yenyewe inapungua hadi nusu baada ya miaka 1,600 hivi, kwa hiyo iliyopakwa wakati bibi yako ni msichana ni kama imepakwa jana. Kioo cha saa kikiwa kimepasuka, usipulize, usifute kwa kidole, usiweke mfukoni. Kifunikwe, kiandikwe, na kipimwe na wenye vifaa. Kwetu Tanzania ni Tume ya Nguvu za Atomi iliyopo Arusha. Huko ulipo waulize wa kwao. Na ile rangi ya chini yenye umanjano wa kijani unayoiona ndani ya paneli ni sumu ikiwa vumbi, kama lilivyo vumbi la breki za zamani. Usiipige msasa mkavu, na usipulize magurudumu kwa kompresa.

Hayo yakishakaa sawa, karibu kwenye kazi.

Maji yaingie, lakini yapate pa kutokea

Karibu na mji wa Tucson, Arizona, jeshi la anga la Marekani lina uwanja wa kuhifadhi ndege zilizopumzishwa, maelfu kwa maelfu zimepangwa mchangani. Walichagua pale kwa sababu hewa ni kavu, na ardhi ni ngumu kiasi kwamba ndege inasimama bila sakafu ya zege. Mvua ya mwaka mzima pale ni kama milimita 300. Tukuyu inapata zaidi ya 2,000. Sasa angalia wanachofanya hata kwenye ukavu ule: sehemu za juu wanazipaka utando mweupe unaobanduka, wa kuziba nyufa na kurudisha jua, lakini tumboni wanaacha wazi ili ndege ipumue na unyevu utoke. Watu wa jangwani wanaogopa unyevu kiasi hicho. Sisi wa huku tunatandika turubai tunaenda kunywa chai.

Huku nyanda za juu mvua siyo adui pekee. Njoo Uyole asubuhi ya Julai. Mchana jua limechoma bati, usiku baridi imeshuka hadi majani yanakuwa meupe, na alfajiri ukishika bati kwa ndani, mkono unalowa. Hakuna aliyemwagia maji. Hewa iliyofungiwa ndani imetoa jasho. Ndege iliyozibwa kila mahali inatoa jasho hilo kila usiku wa kipupwe, na jasho linatiririka mpaka sehemu ya chini kabisa, linakaa. Kifuku kikianza Novemba, maji ya mvua yanaongezeka juu yake.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kutafuta matundu ya kutolea maji. Kila ndege ina matundu hayo, madogo kama punje ya choroko: chini ya tumbo, kwenye ukingo wa chini wa mabawa, kwenye mapezi ya nyuma ya mabawa, na chini ya mkia pale ambapo hakuna anayeinama. Chora ndege kwenye karatasi, tia alama kila tundu, yahesabu. Yazibue kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, siyo waya wa chuma, kwa sababu chuma kinakwaruza na kuacha vipande vya kutu mahali pabaya. Kuna ndege nilipewa mwaka wangu wa kwanza pale makumbusho. Nilipozibua tundu la tumbo, maji meusi yalitoka kwa dakika nzima na zaidi, yananuka kama mtaro wa soko. Bodi yake kwa nje ilikuwa inapendeza mno. Ndani, mbavu za chini zilikuwa zimeliwa.

Watu wananiuliza: mbona Kimondo cha Mbozi ni chuma na kimekaa juani na mvuani miaka isiyohesabika? Ni swali zuri. Kimondo ni donge moja la chuma na nikeli, halina maungio, na kimechimbiwa mtaro kukizunguka. Ndege ni maungio matupu: bati juu ya bati, ribiti maelfu, boliti ya chuma ndani ya alumini. Maji yakijificha kati ya bati mbili, au pale chuma na alumini vinapogusana, hayo maji yanafanya kama betri ndogo na alumini ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana ndege haiozi katikati ya bawa. Inaoza kwenye mishono.

Na alumini ya ndege siyo ya sufuria. Ili iwe na nguvu imechanganywa na shaba au zinki, na mchanganyiko huo unashambuliwa na kutu upesi kuliko alumini tupu. Watengenezaji walilijua hilo, ndiyo maana bati nyingi za ndege zimevikwa ngozi nyembamba sana ya alumini safi kila upande. Ngozi hiyo ndiyo kinga. Ukichukua stilwaya ukasugua bawa ling'ae kama sufuria za harusini, umeimenya ngozi hiyo, na umeacha humo vipande vya chuma vitakavyoanza kutu zake. Nimeona kijana mwenye nia njema kabisa akiharibu bawa zima kwa siku mbili, na kila aliyepita alimsifu.

Jifunze kuisoma kutu yenyewe. Ya alumini ni unga mweupe au wa kijivu, mara nyingi unachungulia pembeni mwa ribiti. Laza shavu karibu na bati, tazama kwa mwanga wa pembeni: bati ikiwa imetuna kati ya ribiti na ribiti kama mito midogo, kuna kutu chini yake inasukuma. Na ukiona ukingo wa chuma kinene unaachana tabaka kwa tabaka kama chapati za kuchambua, simama. Hapo usikwangue, usigonge. Piga picha, andika, mwite mkubwa wako, kwa sababu sehemu hiyo haibebi tena uzito unaodhani inabeba.

Kwa ile ndogo ya juu juu, tumia kikwangulio cha plastiki na brashi ya nailoni, futa, kausha, kisha paka mafuta mepesi ya kuzuia kutu yanayotambaa yenyewe kuingia kwenye mishono. Yapo yaliyotengenezwa kwa ajili ya ndege. Makumbusho wanunue hayo. Huku kwetu watu wanapaka oili chafu kwenye matrela na nguzo za uzio, na najua utashawishika. Oili iliyotoka kwenye injini ina asidi na masizi, na inashika vumbi kama gundi. Usiipeleke kwenye ndege.

Magurudumu na baadhi ya vifuniko ni vya magnesiamu. Utavitambua kwa kutu yake, inavimba kama majivu yaliyolowa. Hivyo usivipige grainda kabisa: vumbi la magnesiamu linashika moto, na moto huo ukiumwagia maji unazidi.

Kuosha

Osha, lakini kwa adabu. Vumbi na hasa kinyesi cha ndege hai ni vitu vinavyoshika unyevu na kula rangi. Kinyesi kitolewe siku hiyo hiyo kwa kitambaa kilicholoweshwa. Kuosha ndege nzima fanya kiangazi, kila baada ya miezi miwili, asubuhi ya jua ili ikauke kabla ya jioni.

Sabuni iwe ile laini ya kuoshea magari. Mama yako alikukataza kupika maharage ya magadi kwenye sufuria ya alumini kwa sababu sufuria inakuwa nyeusi. Kumbuka hilo kila unapoona ndoo ya sabuni ya unga au ya kusafishia sakafu. Magadi na alumini hawapatani. Anza kupaka povu tumboni ukipanda kwenda juu, maana maji machafu yakitiririka juu ya bati kavu yanaacha mistari isiyotoka. Kusuuza ndiyo unaanza juu. Mashine ya maji ya presha wanayooshea daladala iache huko huko kwa daladala: inasukuma maji ndani ya mishono na kwenye bearingi, mahali ambapo yasingefika yenyewe.

Ukimaliza, pita tena kwenye matundu yako yote. Kisha fungua paneli za ukaguzi kwenye saa nne hadi saa kumi jioni, ndege ipigwe na upepo, na uzifunge kabla umande haujaanza.

Wageni wasioalikwa

MiG-21 na MiG-17 zina mdomo wazi mbele. Kwa njiwa, nyuki na nyoka, hiyo ni nyumba ya bure. Tengeneza mfuniko wa ubao uliopakwa rangi, ukate dirisha katikati uliweke wavu mdogo, ili hewa ipite na mnyama asipite. Nyuma kwenye bomba la moshi fanya hivyo hivyo. Bomba refu la kupima mwendo wa hewa lililochomoza puani mwa MiG-21 lifunikwe kwa soksi ya kitambaa chenye rangi kali: nyigu wa udongo wanapenda kujenga ndani ya tundu lake, na watu warefu wanaligonga kwa paji la uso. Nyuki wakishaingia ndani ya bodi, mwite mrina asali. Nimewahi kusikia mtu anapendekeza moshi wa petroli. Chini ya tangi la mafuta!

Vampire inahitaji sura yake peke yake, kwa sababu watu wengi hawaamini ukiwaambia. Ndege hii iliruka mara ya kwanza mwaka 1943, ni ya jeti, na kifua chake chote anapokaa rubani ni mbao. Plaiwudi nje na ndani, katikati mbao laini ya balsa, vimegandishwa kwa gundi kwenye kalibu. Mabawa na mihimili ya mkia ndiyo alumini. Afrika Kusini walizirusha, Rodesia Kusini walizirusha, na zilipostaafu nyingi zikawekwa nje kwenye nguzo au majanini.

Wewe umekulia Mbeya, unajua mchwa. Basi kagua kila wiki, tena kwa kupiga magoti. Fuata tairi kutoka ardhini kwenda juu, fuata nguzo, fuata kamba za kufungia, tafuta kijia cha udongo kinachopanda. Majani yakatwe mpaka ardhini, mita mbili kuizunguka ndege yote, na chini ya magurudumu pawe na zege au bamba la chuma. Gonga kifua chake polepole kwa mpini wa bisibisi, shibri kwa shibri, usikilize. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu mfupi. Iliyooza au iliyoachana na gundi inajibu kwa ubutu, kama kugonga mkate uliolowa. Zungushia chaki mahali pa ubutu, andika tarehe, na mwezi ujao ugonge tena uone kama duara limekua.

Nikiulizwa, katika ndege zako tatu ningeomba paa kwanza kwa ajili ya Vampire. Utapingwa. Watakuambia wageni wanakuja kuona MiG-21, na ni kweli. Zilitengenezwa zaidi ya 11,000 bila kuhesabu zile za China, zimerushwa na nchi nyingi, na India ilizistaafisha za mwisho Septemba 2025 baada ya zaidi ya miaka 60 ya kazi. Ni ndege maarufu na ina umbo la mkuki. Lakini bati lake likipatwa na kutu, kipande kinaweza kukatwa na kushonwa kingine. Kifua cha Vampire kikishalainika, hakuna pa kushonea, na kalibu za kukitengeneza upya huzipati. Hata banda la nguzo sita na mabati, pande wazi, litaipa miaka mingi. Pigania hilo banda kabla ya kitu kingine chochote.

Miguu, na uzito usioonekana

Ndege iliyosimama miaka inaoza tairi upande mmoja, ule unaogusa chini. Kama kuna jeki na stendi sahihi, inua uzito utoke kwenye tairi, na uinulie kwenye sehemu zilizowekwa alama tu. MiG-21 tupu ina zaidi ya tani 5. Ukiikalisha stendi mahali pasipo pake, itatoboka kama boksi. Stendi zisipokuwepo, isogeze kidogo kila mwezi ili upande wa tairi ubadilike, na magurudumu yafunikwe jua.

Angalia usawa. Atakuja mtu kuomba mizinga ya MiG-17 ioneshwe ndani ya jengo, mmoja wa milimita 37 na miwili ya milimita 23. Ni mizito na imekaa chini ya pua. Ikitolewa pamoja na kiti na redio, uzito unarudi nyuma na ndege inaweza kukalia mkia wake, polepole, usiku, bila mtu. Kabla chochote hakijatolewa puani, weka egemeo chini ya mkia na mifuko ya mchanga kwenye nafasi ya mizinga. Na kila ndege ifungwe kamba ardhini sehemu tatu; pepo za Agosti za huku unazijua, bawa halijui kwamba limestaafu.

Turubai langu

Hili linaniuma mpaka leo. Mwaka wangu wa pili pale makumbusho, mvua zikikaribia, nilinunua turubai la plastiki kwa pesa yangu mwenyewe, lile la buluu, nikalifunga vizuri kabisa juu ya chumba cha rubani cha ndege ya mafunzo iliyokuwa inasubiri. Nilikaza kamba, nikaona nimefanya jambo la maana. Sikufungua kwa miezi mitano. Nilipofungua, kioo chote kilikuwa kimekwaruzwa na mchanga ulionaswa chini ya plastiki, kila upepo ulikuwa umeupigisha msasa. Ndani, mikanda ya kiti ilikuwa na ukungu wa kijani, na swichi zilikuwa na unga mweupe. Kioo kile kilikuwa kimemaliza miaka 30 na kitu bila mkwaruzo.

Kwa hiyo: funika kwa kitambaa cheupe cha pamba au turubai la kitambaa linalopumua, lenye bitana laini upande wa kioo, lililokazwa lisipige. Kioo kioshwe kwanza kwa maji tu, kwa kiganja cha mkono, ukisikia punje ya mchanga uiondoe. Saa ya mkononi na pete vua. Kioo hicho ni plastiki ngumu. Petroli, tina, asetoni na dawa za kusafishia madirisha zenye amonia zinakipasua nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, na nyufa hizo hazirudi. Kila wiki mbili ondoa kifuniko, ruhusu jua la asubuhi liingie, tazama ndani, funika tena. Ile mifuko midogo ya kunyonya unyevu inasaidia mahali palipozibika kweli tu. Ndani ya ndege yenye nyufa mia itajaa unyevu kwa siku mbili.

Daftari, na watu wa chuma chakavu

Ndege iliyokaa nyuma ya karakana inaonekana haina mwenyewe. Kule Memphis, Tennessee, ile ndege ya Vita vya Pili iitwayo Memphis Belle ilifika 1946, ikaja kukaa nje miaka na miaka, na wapita njia wakawa wananyofoa vifaa vyake vya kuweka nyumbani kama kumbukumbu. Ilipofika kwenye makumbusho ya jeshi la anga kule Dayton mwaka 2005, ukarabati ulichukua mpaka Mei 2018 ndipo ikaoneshwa. Kwetu hata kumbukumbu siyo hoja. Alumini inanunuliwa kwa kilo, na unajua mwenyewe mafundi wanaoyeyusha chakavu kuwa sufuria na miiko. Kipande kimoja cha mlango kikiondoka, kutengeneza kingine ni kazi ya wiki. Na mnunuzi hajui kama ndani ya gunia kuna saa yenye rediamu.

Fanya hivi. Siku ya kwanza piga picha kila ndege pande zote, kisha kila paneli, kila kibao cha namba, kila andiko dogo la Kirusi au la Kiingereza lililopigwa kwenye bati. Maandiko hayo ndiyo yanayofifia kwanza, na mkarabati atakuja kuyalilia. Kitu kilicholegea kitoe, kifunge lebo ya bati au ya plastiki iliyoandikwa namba ya ndege na mahali kilipotoka, na kikae kwenye stoo yenye kufuli. Boliti zirudi kwenye mfuko wake na kipande chake. Usizichanganye kwenye kopo moja hata kama zinafanana, kwa maana hazifanani.

Rangi ya zamani usiiondoe. Ndege ya jeshi inapakwa juu ya rangi ya zamani mara kadhaa, na chini mle kuna alama za vikosi vilivyopita, labda hata bendera ya nchi nyingine. Mkarabati anayejua kazi atasugua kiduara kidogo kwa msasa laini wenye maji, tabaka zitokee kama duara za gogo la mti, asome historia yote kwa upana wa sahani. Ukitumia dawa ya kubandulia rangi kwa haraka zako, umefuta kitabu.

Daftari lenyewe liwe la karatasi, jalada gumu. Tarehe, hali ya hewa, ulichokiona, ulichokifanya, ulichokiacha. Andika hata siku ambayo hukukuta kitu. Usiandike "nzuri", andika "tundu 14 wazi, tundu 2 limetoa maji, duara la chaki la kushoto halijakua". Wewe utaondoka pale siku moja, utaoa, utapata kazi nyingine, na yule anayekuja baada yako asianze upya kukisia.

Mvua zinaanza Novemba na sasa tuko mwishoni mwa Septemba. Una wiki tano. Baruti na karatasi zake wiki hii, matundu wiki ijayo, majani na mchwa kabla ya tarehe 15 Oktoba. Ukiwa tayari nitumie picha, na usinitumie za pua ukiwa umesimama umekunja mikono. Lala chini, piga tumbo la MiG-21 kuanzia magurudumu mpaka mkiani, kwa mwanga wa pembeni, nione mishono.